Nani Atausoma Mswada wa Amani?

Ukimwambia mtu wa Kitale kwamba unatafuta ajenti, atakuelekeza kwenye kibanda cha M-Pesa. Ukimwambia hivyo mwaka wa uchaguzi, atadhani chama chako kinataka mtu wa kukilindia kura kituoni. Neno lipo na watu wanalielewa: ajenti ni mtu anayesimama mahali pako, anakufanyia kazi, anakata chake. Ila ajenti wa mwandishi, yule wa kusimama kati ya mswada na mchapishaji, huyo hana kibanda Kitale wala Bungoma. Hata ukipanda basi la usiku hadi Nairobi na riwaya yako ya Kiswahili kwenye mkoba, utaishia kwenye mapokezi ya mchapishaji mwenyewe, uandike jina kwenye daftari la wageni, uache bahasha, urudi steji.

Hata hivyo hili ndilo swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi na waandishi chipukizi wa pande hizi: "Mwalimu, hao mawakala wa vitabu huwa wanataka nini?" Wamesoma kwenye simu habari za wenzao walioandika kwa Kiingereza, wakapata wakala London au New York, kisha kitabu kikanunuliwa na mashirika mawili matatu kwa mpigo. Nao wanataka njia hiyo hiyo kwa Kiswahili. Nitalijibu swali kama lilivyoulizwa, kwa sababu kumnyima mtu jibu eti halimhusu ni dharau. Kisha nitasema kinachonikera.

Kazi ya wakala ilianza London mwishoni mwa karne ya 19, wakati A. P. Watt alipoanza kuwauzia waandishi kazi zao kwa wachapishaji na kukata asilimia katika mapato yao. Mpango huo haujabadilika sana. Leo kawaida ni asilimia 15 kwa mauzo ya nyumbani na 20 kwa haki za nje na tafsiri. Wakala wa kweli halipishi kusoma. Akikuomba hela ya "kupitia mswada", huyo ni mfanyabiashara wa aina nyingine, na anajua kwamba kitabu chako hakitamlisha, ndiyo maana anataka kula mapema. Kijana mmoja wa Kiminini aliuza mahindi magunia kadhaa kumlipa mtu wa namna hiyo, na alichopata ni barua pepe moja ya kumpongeza.

Wakala huyo huomba barua ya ukurasa mmoja, muhtasari unaoeleza hadithi mpaka mwisho bila kuficha, na kurasa za mwanzo. Riwaya iwe imekamilika. Katika barua anataka kujua ni nani, yuko wapi, anataka nini na nini kinamzuia. Anataka pia umwambie kitabu chako kitakaa rafu gani, karibu na vitabu gani vya karibuni. Anaposoma kurasa za mwanzo anatafuta sauti, yaani kama mtu anayeongea pale ni mtu au ni mtambo wa maneno. Wakala husoma haraka sana na kukataa wengi. Akikubali, amekubali kitu kimoja tu: kwamba anaweza kukiuza, na kwamba atavumilia kukiongelea kwa miaka. Hatafuti wema wala mafunzo. Kama kitabu kina funzo, shauri yake.

Basi. Hilo ndilo jibu, na unaweza kulipata popote. Tatizo ni kwamba ukilibeba hivyo hivyo hadi Bungoma halifanyi kazi, maana huku mlango wa riwaya ya Kiswahili una bawabu tofauti.

Soko la riwaya ya Kiswahili Kenya ni shule. Wacha tuseme wazi. Mtu mzima anayeingia dukani Bungoma mjini kununua riwaya ya Kiswahili ili ajisomee Jumapili yupo, lakini ni mmoja mmoja; watahiniwa ni mamia ya maelfu. Kwa hiyo mchapishaji akipokea bahasha yako, swali la kwanza mezani ni kama kitabu kinaweza kupita mbele ya jopo la Taasisi ya Kukuza Mitaala, KICD, kikawa cha ziada darasani au, Mungu akipenda, kitabu teule. Utengano ya Said Ahmed Mohamed ilikaa kwenye kiti hicho. Kisha Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, 2013 hadi 2017. Kisha Chozi la Heri ya Assumpta Matei kuanzia 2018, halafu Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Riwaya moja kwa kipindi cha miaka kadhaa, kwa nchi nzima. Mwandishi aliyeingia hapo amejenga nyumba. Aliyebaki nje, vitabu vyake viko kwenye ghala.

Kwa hiyo usiseme hatuna wakala. Tunaye, ila amegawanywa vipande: kipande kimoja ni msomaji wa miswada aliye kwenye dawati la mchapishaji, kingine ni mwanajopo wa mtaala, kingine ni mwalimu wa Kiswahili anayeandika mwongozo. Hakuna kati yao anayefanya kazi kwa niaba ya mwandishi. Na wote watatu, hata wakiwa watu wazuri (ninawajua wazuri), wanalazimika kuuliza swali moja: hiki kitatahiniwaje?

Nimesema Walibora. Turudi kwake, kwa sababu ni mtu wa huku na kwa sababu aliliandika jambo hili kabla yetu. Alizaliwa Bungoma mwaka 1965, akalelewa Trans Nzoia. Kidagaa Kimemwozea, iliyotolewa na Target Publications mwaka 2012, wengi wetu tunaikumbuka kama riwaya ya uongozi mbaya: Mtemi Nasaba Bora, ardhi zilizonyakuliwa, mapenzi ya siri. Ndivyo ilivyofundishwa. Lakini ndani yake mna kisa cha mswada. Amani ameandika kitabu, na kitabu hicho kimetoka kwa jina la mtu mwingine, Mwalimu Majisifu, ambaye anasifiwa kwacho. Madarasani wizi huo huorodheshwa chini ya "ufisadi" au "tamaa", mfano wa nne au wa tano, alama moja, twende mbele.

Mimi naona ndio moyo wa kitabu. Tazama jina. Mswada ulioibwa unaitwa Kidagaa Kimemwozea. Riwaya uliyoshika mkononi inaitwa Kidagaa Kimemwozea. Kila mtahiniwa aliyekuwa akiibeba kwenye mkoba wa shule kwa miaka ile mitano alikuwa amebeba kitabu kinachomtazama na kumwuliza: una hakika jina lililo kwenye jalada ndilo la aliyekiandika? Huo ni mchezo mkubwa kuucheza ndani ya kitabu teule, na nadhani Walibora aliucheza makusudi, akijua kwamba jopo lingesoma dhamira na kupita.

Tazama pia undugu. Majisifu na Mtemi ni ndugu wa damu. Mmoja anachukua mashamba ya watu, mwingine anachukua maneno ya mtu. Amani anachunga ng'ombe kwa mnyakuzi wa ardhi, na mwenzake Imani anafanya kazi katika nyumba ya mwizi wa mswada. Mtu wa Trans Nzoia hahitaji mwongozo kuelewa kwa nini mwandishi aliweka ardhi na mswada katika familia moja. Huku kwetu, karibu kila boma lina hadithi ya hati ya shamba iliyopita mkononi mwa mtu aliyejua kusoma vizuri kuliko mwenye shamba.

Na kinachoniumiza zaidi ni hiki: Majisifu ndiye msomaji wa kwanza aliyeutambua mswada wa Amani. Aliuona ni mzuri. Kama angeuona mbovu asingeuiba. Kwa maneno mengine, alikuwa na jicho analolihitaji wakala, akakosa ile nusu ya pili ya kazi, ya kuupeleka mbele kwa jina la mwenyewe. Ndiyo maana waandishi wengi wa Kitale na Bungoma hawapeleki miswada popote. Wanasema wanahofia wizi. Nimewasikia wakisema hivyo Kimilili, Webuye, hata kwenye semina za chuo kikuu. Kwa sehemu ni hofu ya kweli, maana mambo hutokea. Kwa sehemu nyingine, samahani nikisema, ni namna ya kujificha. Mswada ulio kwenye droo hauwezi kukataliwa. Wakala wa London akiogopwa hivyo angefunga duka. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaulinda mswada tangu unapoandikwa. Mwenye wasiwasi ausajili kwa bodi ya hakimiliki, ajitumie nakala kwa barua pepe yenye tarehe, kisha aupeleke. Kumpa Majisifu nafasi ya kukuogopesha hata kabla hajazaliwa ni kumpa zaidi ya alichoiba.

Sasa nataka tufanye jaribio. Chukua Siku Njema, riwaya ya Walibora iliyotolewa na Longhorn mwaka 1996, ujifanye ni mswada wa mtu asiyejulikana, uuandikie ile barua ya ukurasa mmoja. Ni nani? Kongowea Mswahili, mtoto wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga. Anataka nini? Kumpata baba yake, Mkenya asiyemjua. Nini kinamzuia? Umaskini, mipaka, jina lenyewe la kukosa baba. Anakwenda wapi? Anavuka nchi mbili, safari inayomfikisha pande za Kitale. Hebu tazama: barua imejaa na bado hatujatumia maneno mia. Wakala yeyote angeomba kurasa za mwanzo. Kijana wa pwani anayetafuta asili yake katika nchi ya mahindi na baridi ya asubuhi, hiyo ni hadithi inayouzika Tanga, Kitale na hata mbali zaidi. Tena ni hadithi ya Kiswahili chenyewe, lugha iliyotoka pwani ikaja bara ikakuta watoto wake wameshakua bila yeye.

Kisha wakala huyo huyo angekuja na kalamu nyekundu. Angesema sadfa zimezidi. Watu wanakutana pale wanapohitajika, habari inafika siku inapohitajika, na wema unalipwa kwa usahihi wa benki. Hapa nakubaliana naye. Siku Njema ingebeba uzito zaidi kama njia ya Kongowea ingekuwa na milango kadhaa isiyofunguka. Najua nitapigwa mawe kwa hili, kwa maana kuna kizazi kizima cha Wakenya kilichoanza kuipenda lugha kupitia kitabu hicho, na mimi nimo. Lakini kupenda kitabu hakukatazi kuona kilipoachwa bila mhariri mkali.

Mhariri. Hapo ndipo palipo pengo kuliko hata wakala. Zamani Nairobi mhariri alifanya nusu ya kazi ya wakala. Henry Chakava, mzaliwa wa Vihiga aliyefariki 2024, alikuwa Heinemann wakati Ngũgĩ wa Thiong'o alipotoa Caitaani Mutharaba-inĩ kwa Kikuyu mwaka 1980, na ilihitaji mchapishaji mwenye moyo kukubali kazi kama hiyo wakati ule. (Ndiyo, Ngũgĩ alikuwa tayari ni Ngũgĩ. Ingekuwa mwalimu wa Naitiri anayeandika Kibukusu, sijui.) Mhariri wa namna hiyo alisoma, akabishana, akarudisha, akasoma tena. Wa leo amelemewa na vitabu vya kiada. Tangu 2018 serikali hununua vitabu hivyo moja kwa moja kwa wachapishaji na kuvifikisha shuleni. Kwa mzazi ni nafuu, lakini duka la vitabu la mji mdogo lilipoteza mkate wake, na rafu iliyokuwa ikivumilia riwaya mbili tatu pembeni sasa ina kalamu, sare za michezo na kadi za pole.

Bawabu wa mtihani anaacha alama kwenye miswada kabla haijamfikia. Nasoma mingi, kwa hiyo acha niseme ninachokiona. Wa kwanza unaanza na jua kuchomoza. Wa pili unaanza na methali, kisha maelezo ya methali. Wahusika wamepewa majina ya hukumu, kina Bwana Katili na Bi Subira, kiasi kwamba ukisoma orodha umeshajua nani atafungwa mwisho. Walibora alifanya hivyo kwa Majisifu na Nasaba Bora, naam, lakini aliweza kwa sababu alikuwa akicheza; wanaomwiga wanajaza fomu. Ukurasa wa kumi kuna hotuba juu ya Ukimwi au dawa za kulevya au elimu ya msichana. Mwandishi anamwandikia mtahini ambaye hajamwona, akimrahisishia kutunga swali.

Na lugha. Hapa ndipo ninapokosa subira. Nenda soko la Chwele siku ya soko. Mama wa nyanya atakuita: "Kastoma, kuja. Hizi ni za leo asubuhi, bei tutaongea." Ana Kiswahili chake, kina lafudhi ya Kibukusu, kina haraka, kina ucheshi, na kimemlipia karo watoto wanne. Sasa fungua mswada wa kijana aliyezaliwa hatua mia mbili kutoka soko hilo. Mama yule yule anasema: "Karibu ewe mteja wangu mpendwa, jongea ujipatie nyanya hizi zilizowiva barabara." Jamani! Nani amewahi kuambiwa hivyo Chwele? Kijana anajua vizuri kwamba mama yake haongei hivyo. Ameandika hivyo kwa sababu kwenye insha alikatwa alama kwa "kuja" na "kastoma", na hakuna mtu aliyemwambia kwamba riwaya si insha. Simulizi iwe sanifu, sina ugomvi. Lakini mdomo wa mhusika ni mali ya mhusika.

Wakala wa ng'ambo angekataa mswada huo kwenye ukurasa wa pili na asiseme kwa nini. Jopo la mtaala lingeupongeza kwa "matumizi bora ya lugha". Mimi nadhani yule anayekataa ndiye anayemheshimu mama wa nyanya.

Kuna pia mambo ambayo hayaandikwi kabisa. Kati ya 2006 na 2008 Mlima Elgon uliungua: kundi la SLDF, kisha jeshi, watu wakapotea, na wajane wa Cheptais na Kapsokwony bado wanauliza. Riwaya ya Kiswahili ya mambo hayo ingekuwa mzigo mzito kwa darasa la kidato cha tatu, na mwandishi anajua, kwa hiyo anaandika juu ya kisiwa cha kubuni chenye mfalme dhalimu. Kitale ina foleni za malori ya mahindi na bei zinazobadilika mkulima akiwa kwenye foleni. Webuye ilikuwa na Pan Paper, kiwanda cha karatasi ambacho harufu yake ilikuamsha kwenye basi hata kama ulikuwa umelala tangu Eldoret. Kilifungwa 2009, mji ukanyauka. Daftari nyingi tulizoandikia insha zetu zilianzia pale. Mkoa mzima wa waandishi umekaa juu ya hadithi ya karatasi yenyewe na hauigusi, kwa sababu haina "funzo" la haraka.

Tuzo zimejaribu kuziba pengo. Ile ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 ikiwa na jumla ya dola 15,000 za kugawa, ilikaribisha miswada moja kwa moja kutoka kwa waandishi na kuisaidia mizuri kupata mchapishaji. Mwaka wa kwanza Anna Samwel Manyanza alishinda kwa riwaya yake Penzi la Damu, na Mohammed K. Ghassani kwa ushairi wa N'na Kwetu. Baadaye Mkenya Jacob Ngumbau Julius naye akatambuliwa kwa Moto wa Kifuu. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu majaji wa tuzo hawaulizi kitatahiniwaje. Lakini tuzo ni mlango unaofunguliwa siku moja. Ukishatoka na picha ya hundi, hakuna mtu wa kukupigia simu baada ya miaka miwili kuuliza riwaya ya pili imefika wapi, au kumwandikia mchapishaji wa Ujerumani.

Na hapo ndipo wakala anapohitajika kweli, kuliko kwenye kusoma mswada: kwenye mkataba na kwenye miaka inayofuata. Mwandishi wetu akiitwa Nairobi kutia sahihi, kwa kawaida anatazama asilimia ya mrabaha tu. Ni kumi? Sawa, leta kalamu. Hasomi kifungu cha tafsiri, cha filamu, cha redio, cha vitabu vya kielektroniki. Hasomi kitakachotokea kitabu kikiisha dukani na mchapishaji asikichape tena. Amekabidhi vyote kwa mstari mmoja, na mchapishaji, ambaye kazi yake ni kuuza shuleni, anavifungia kabatini kwa nia njema. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka 1971. Tafsiri yake ya Kiingereza, ya Jay Boss Rubin, ilitolewa na Yale University Press mwaka 2025, miaka mitano baada ya mwandishi kufariki. Siku Njema nayo ilingoja zaidi ya miaka 20 ndipo Dorothy Kweyu aifanye A Good Day, na hiyo ilitolewa hapa hapa nyumbani. Abdulrazak Gurnah aliandika kwa Kiingereza, akapata Nobel 2021, na mwaka uliofuata Peponi ya Ida Hadjivayanis ilikuwa tayari kwa Kiswahili. Barabara inapitika, mnaona, ila magari yanakuja upande mmoja.

Walibora alisoma na kufundisha Marekani, nchi ya mawakala. Alijua mfumo ule. Alikufa Nairobi Aprili 2020, akigongwa na matatu kwenye Barabara ya Landhies. Kwa sheria yetu hakimiliki hudumu miaka 50 baada ya mwaka wa kifo, kwa hiyo vitabu vyake vina mwenyewe hadi mwisho wa 2070. Miaka hamsini hiyo ni kazi ya mtu: kujibu barua za watafsiri, kuangalia nakala za wizi zinazouzwa kando ya barabara, kukataa filamu mbovu, kukubali nzuri. Kwa waandishi wa Kiingereza wa kiwango chake kazi hiyo ina ofisi. Kwa mwandishi wa Kiswahili inaiangukia familia, na familia ina maisha yake.

Mambo yanabadilika, lakini sijui kama kwa upande wetu. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia gredi ya kumi Januari 2026, na KCSE ya mwisho ya 8-4-4 inatarajiwa 2027. Kile kiti kimoja cha riwaya teule kinasogezwa. Wachapishaji wanakimbizana na mahitaji mapya, na kwa muda mfupi hakuna anayejua vizuri mtihani unataka nini kwenye riwaya. Kwa mwandishi huu ni wakati wa kupeleka kitu ambacho bawabu hajajifunza kukikataa.

Wiki hii nina mswada mezani kutoka kwa mama mmoja wa Webuye. Mumewe alifanya kazi Pan Paper. Kurasa 140 zilizochapwa saiba, zimefungwa kwa waya wa plastiki. Unaanza na jua kuchomoza, kama kawaida, na nimelikata. Unaanza sasa ukurasa wa tatu, mahali mume anaporudi nyumbani saa nne asubuhi badala ya jioni, na mke anajua bila kuambiwa kwa sababu nguo zake hazinuki. Mazungumzo ni ya Webuye, na mara mbili amejisahihisha kwa kalamu, akafuta "kuja" akaandika "njoo". Nimerudisha "kuja". Mwisho bado haujakaa sawa. Mtoto wa bosi anaokoka ghafla, na nimemwuliza kama ni lazima. Nimemwandikia ile barua ya ukurasa mmoja ili aisahihishe kwa maneno yake. Nimemwambia aitume kwa wachapishaji watatu, asilipe mtu, na akipata mkataba afute mstari wa tafsiri na filamu kabla ya kutia sahihi, wakikasirika anipigie. Ameniuliza kama nitachukua asilimia. Nimemwambia nitachukua nakala moja yenye jina lake kwenye jalada.